Aliudaka au Hakuudaka?

Sisi tuliokulia kwenye soka tunajua mstari una sheria moja: mpira ukivuka wote ni goli, hata kipa aurudishe kwa mbwembwe gani. Kwenye besiboli mambo si hivyo. Mpira uliopigwa ukipita juu ya uzio wa nyuma ya uwanja ukiwa bado hewani, kwa kawaida ni hom rani: mpigaji anazunguka besi zote nne na kurudi na pointi. Lakini mchezaji anayelinda eneo hilo anaruhusiwa kuruka, kupitisha mkono juu ya uzio na kuudaka mpira huko huko ng'ambo. Mpira ulishavuka, ndiyo, ila haujagusa kitu. Akiushika sawasawa, mpigaji ametolewa. Yaani kinachoamua ni mkono, si mstari.

Ila akivusha mkono, anafanya hivyo kwa hatari yake mwenyewe. Mtazamaji aliye upande wa viti ana haki ya kuugombea mpira. Mtazamaji huyo huyo akinyoosha mkono hadi upande wa uwanja na kumzuia mchezaji waziwazi, mpigaji anatolewa. Na mchezaji akidaka kisha akaangukia kwa mashabiki, udakaji wake ni halali mradi mpira haukumponyoka. Kwenye karatasi yote haya yanaeleweka. Kazi inaanza pale unapouliza: nani aliona?

Tarehe 10 Oktoba 1925, kwenye Uwanja wa Griffith mjini Washington, ilichezwa mechi ya tatu ya World Series, fainali za ubingwa wa Marekani. Washington Senators walikuwa mbele 4–3 dhidi ya Pittsburgh Pirates. Ilikuwa awamu ya nane kati ya tisa. Earl Smith wa Pittsburgh akaupiga mpira mbali kuelekea viti vya muda vilivyowekwa nyuma ya uzio. Sam Rice wa Washington akakimbia, akaruka, na kwa kasi ile ile akapinduka juu ya uzio, akapotea katikati ya watu. Zikapita sekunde kadhaa bila mtu uwanjani kujua kinachoendelea. Alipoibuka, mpira ulikuwa kwenye glavu yake. Mwamuzi Cy Rigler akaamua: Smith ametolewa.

Pittsburgh wakaja juu. Je, Rice aliushika mpira muda wote, au ulidondoka na shabiki wa nyumbani akamrudishia? Sheria ya kudaka ilikuwa wazi; kilichokosekana ni macho. Mashabiki waliokuwa pale walikuwa tayari hata kula kiapo, wengine wakisema aliudaka, wengine wakisema hakuudaka. Kamishna wa besiboli, Kenesaw Mountain Landis, ambaye kabla ya hapo alikuwa jaji, akamwita Rice na kumuuliza mwenyewe. Jibu la Rice lilikuwa kwamba mwamuzi alisema ameudaka. Basi. Hakuongeza neno.

Mimi ni mwandishi wa habari, na jibu kama hilo nalijua vizuri. Ndilo unalopewa na msemaji anayetaka kusema kweli bila kukuambia kitu. Lakini nikilitazama kisheria, naona Rice alikuwa sahihi kabisa. Mchezo haukuwa na njia nyingine ya kujua. Neno la mwamuzi ndilo lililokuwa tukio lenyewe.

Rice alikaa na siri hiyo karibu nusu karne. Mwaka 1963 aliingizwa kwenye Jumba la Wachezaji Mashuhuri huko Cooperstown, New York. Miaka miwili baadaye akaandika barua, ikafungwa ili isomwe akishakufa. Alifariki Oktoba 1974, barua ikafunguliwa. Ndani yake alieleza kwamba aliudaka, akaanguka vibaya na kujigonga kooni, na kwamba mpira haukumponyoka hata mara moja. Kesi imekwisha? Sidhani. Huo ni ushahidi wa mtu mmoja aliyenufaika na uamuzi, na hakuna wa kumhoji tena.

Wengi husimulia kisa hiki kwa kicheko. Wanaweza kucheka kwa sababu Pittsburgh walitwaa ubingwa ule hata hivyo, kwa mechi nne dhidi ya tatu. Wangeupoteza kwa mpira mmoja, ukimya wa Rice ungenuka.

Baltimore wanalijua hilo. Tarehe 9 Oktoba 1996 walikuwa wanaongoza 4–3 huko New York, awamu ya nane tena, wakati Derek Jeter alipopiga mpira hadi ukutani. Mvulana wa miaka 12 akanyoosha glavu upande wa uwanja na kuuvutia kwenye viti, huku Tony Tarasco wa Baltimore akiwa chini yake anausubiri. Mwamuzi Rich Garcia akasema hom rani. Alipotazama marudio ya video alikiri kwamba haikuwa hom rani, lakini pointi ilibaki. New York wakashinda 5–4, na mvulana akashangiliwa mjini kama shujaa.

Mwaka 2003 huko Chicago, shabiki mwingine aliugusa mpira uliokuwa ukishukia upande wa viti. Mwamuzi aliona hakuna kosa, kwa sababu mpira ulishavuka. Chicago wakaporomoka na kufungwa pointi nane katika awamu hiyo hiyo. Kijana yule ilibidi atolewe uwanjani chini ya ulinzi, na kwa miaka mingi aliishi akijificha. Aliyevunja sheria alibebwa. Ambaye sheria ilimlinda akawindwa.

Tangu Agosti 2008 waamuzi wa ligi kuu wanaruhusiwa kutazama video kwenye hom rani zenye utata. Ni hatua nzuri, na leo hom rani ya Jeter ingefutwa kwa dakika chache. Lakini video ingeweza tu kumwambia mwamuzi mpira ulikuwa upande gani wa uzio. Yule kijana wa Chicago hakuhitaji kuambiwa hivyo. Mwamuzi alishamwambia usiku ule ule, mbele ya uwanja mzima, na haikumsaidia kitu.