Vilima vya Latema na Reata: Vita Iliyofungua Njia ya Meru, Machi 1916

Mwezi Machi 1916 Waingereza waliingia Arusha, na hapakupiganwa vita kubwa mjini. Hatima ya Boma la Wajerumani, lililojengwa mwaka 1900 kwa jasho la wananchi, iliamuliwa mbali upande wa mashariki, katika vilima viwili karibu na Taveta, Latema na Reata.

Hadi wakati huo Wajerumani ndio waliokuwa na nguvu kaskazini. Waliiteka Taveta Agosti 1914, na tarehe 3 Novemba mwaka huohuo waliwarudisha nyuma Waingereza kule Longido, siku zilezile za ushindi wao wa Tanga. Mnamo tarehe 12 Februari 1916 askari wa Afrika Kusini walishindwa tena katika kilima cha Salaita.

Ndipo Jenerali Smuts alipokabidhiwa uongozi. Kikosi cha Jenerali Stewart kiliondoka Longido tarehe 5 Machi, kikapita nyika kavu iliyo kati ya Meru na Kilimanjaro, ili kuikata reli ya Tanga na Moshi nyuma ya adui. Wapanda farasi wa van Deventer nao walizunguka kutoka upande wa Taveta.

Tarehe 11 Machi Waingereza walivishambulia vilima. Mchana kutwa hawakufanikiwa. Mkuu wa kikosi kimoja cha Keya aliuawa. Usiku walijaribu tena, wakapotezana gizani katika miiba na mawe, hata Smuts akaamuru majeshi yarudi nyuma. Kumbe vikundi vichache vilikuwa vimefika juu na kung'ang'ania huko, nao Wajerumani, wakiogopa kuzingirwa na wale wapanda farasi, walikuwa wameondoka usiku uleule. Kulipopambazuka tarehe 12, mshindi alikuwa yule aliyekuwa karibu kukimbia.

Siku mbili baadaye Moshi ilitekwa. Hata hivyo Stewart alichelewa, na von Lettow-Vorbeck akaponyoka na jeshi lake. Baada ya mapigano ya Kahe, tarehe 21 Machi, alivuka mto Ruvu kwenda kusini. Hivyo si haki kusema kwamba Latema ilimaliza vita: von Lettow-Vorbeck alisalimisha silaha tarehe 25 Novemba 1918 huko Abercorn. Ila tangu usiku ule hakuitishia tena reli ya Uganda, na njia yake ikawa ni ya kurudi nyuma.

Kwa Wameru na Waarusha, ambao hawakuulizwa na upande wowote, vita vilikuwa na sura ya mzigo kichwani. Katika nchi nzima maelfu kwa maelfu ya wapagazi walikufa, wengi wao kwa njaa na maradhi kuliko kwa risasi.

Katika kanisa badiliko lilikuja polepole. Misioni ya Leipzig ilikuwa imeanza Nkoaranga mwaka 1902 na Ilboru mwaka 1904, miaka michache baada ya wamisionari Ovir na Segebrock kuuawa Akeri, Oktoba 1896. Sasa wamisionari walikaa chini ya serikali iliyowahesabu kuwa adui, na mwaka 1920 walifukuzwa, isipokuwa wachache wasiokuwa raia wa Ujerumani. Walutheri wa Augustana kutoka Marekani walikuja kusaidia, na Wajerumani waliruhusiwa kurudi mwaka 1925. Katika miaka hiyo ya katikati walimu na wazee wenyeji ndio walioongoza ibada, wakafundisha wanafunzi wa ubatizo na kuwazika wafu.