Mafuta ya Karafuu na Jina la "Mafuta Muhimu"

Katika maandishi ya siku hizi juu ya mitishamba limeenea jina "mafuta muhimu". Jina hili ni kosa la tafsiri. Sifa ya Kiingereza iliyofasiriwa ina maana mbili, ya umuhimu na ya kiini. Nayo mafuta haya yaliitwa hivyo kwa sababu hubeba kiini cha mmea, yaani harufu yake, si kwa sababu mwili wayahitaji. Habari za karafuu zaonyesha vema jambo hili.

Mkarafuu ni mgeni Unguja na Pemba. Asili yake ni visiwa vya Maluku, ambako Waholanzi katika karne ya 17 waliikata mikarafuu ya visiwa vingi ili biashara ibaki mikononi mwao. Mnamo 1770 Mfaransa Pierre Poivre alifanikiwa kuingiza miche Morisi, na kutoka visiwa vya Wafaransa mti ukafika Unguja mwanzoni mwa karne ya 19. Mti ni wa juzi, lakini jina ni la kale: Waarabu walikwisha kusema qaranful, na Wayunani karyophyllon, zaidi ya miaka elfu kabla yake. (Ajabu ndogo ya sarufi: mchungwa huzaa machungwa, lakini mkarafuu hauzai "makarafuu".)

Wakemia nao hawakuliacha jina hilo. Katika mafuta ya karafuu kuna viungo vikuu vitatu: yujenoli, ambayo aghalabu ni asilimia 70 hadi 90, asetati yake, na kariofilini. Kariofilini ya maabara na karafuu ya mchumaji wa Pemba ni maneno ya ukoo mmoja. Yujenoli imetokana na Eugenia, jenasi ambamo mti uliwekwa zamani kabla ya kuhamishiwa Syzygium.

Nguvu ya dawa imo hasa katika yujenoli. Hiyo ni fenoli yenye kupatana na mafuta, hivyo hupenya utando wa seli ya bakteria na kuuvuruga, hata vilivyomo ndani vikavuja. Tena hutia ganzi. Ndiyo maana aumwaye jino hutafuna karafuu, na madaktari wa meno huchanganya yujenoli na oksidi ya zinki. Lakini kuua bakteria katika kisahani cha maabara si kuponya mgonjwa. Mafuta hayo yasipozimuliwa huunguza ufizi, na mtoto akiyanywa yaweza kumharibu ini.

Hapa ndipo jina baya linapodhuru. Wataalamu wa lishe husema pia "asidi muhimu za mafuta", nazo kweli mwili hauna budi kuzipata kwa chakula. Mama asomaye "mafuta muhimu" juu ya chupa ana haki ya kudhani ni jamaa ya hizo, akamnywesha mwanawe.

Neno la kufaa halihitaji kukopwa. Kiswahili kina kitenzi keneka, kinachotumika kwa marashi na hata kwa gongo. "Mafuta ya kukeneka" yangetosha. Pemba hukenekwa makonyo, yaani vikonyo vya karafuu, ambavyo mafuta yake yana yujenoli nyingi. Mvuke ukipozwa, mafuta hujitenga na maji. Na tofauti na ya nazi, ambayo huelea, haya huzama chini.