Glopu, Kitako na Pangaboi: Historia Fupi ya Istilahi za Taa ya Darini

Madhumuni ya makala haya ni kuchunguza historia ya maneno machache yahusuyo taa iliyofungwa chini ya pangaboi, na kuonyesha kwamba neno moja likikosekana mnunuzi aweza kupata hasara, na pengine hatari. Jambo lenyewe ni dogo. Glopu imeungua, mwenye nyumba aenda dukani, muuzaji amwuliza, "Ya aina gani?" Naye ajibu, "Ya pangaboi." Jibu hilo halimfai muuzaji hata kidogo, kwani pangaboi halina glopu yake maalumu. Linalotakiwa kujulikana ni kitako, volti, wati na umbo.

Tuanze na pangaboi lenyewe. Asili ya neno hili hutajwa kuwa ni neno la Kihindi lenye maana ya kipepeo cha kupepea, ambalo Waingereza walilichukua Bara Hindi na kuliunganisha na neno lao la kumwitia mtumishi. Kwanza, basi, pangaboi alikuwa mtu: mtumishi aliyeketi pembeni akivuta kamba ya kipepeo cha kitambaa kilichotundikwa darini. Mashine ilipokuja, jina la mtu likahamia kwenye chombo. Wasemaji wengi wa leo husikia ndani yake neno "panga", kwa kuwa mabapa yake yafanana na mapanga. Kwa hiyo jina lililozaliwa katika utumishi limepata maana mpya isiyomdhalilisha mtu yeyote.

Mashine hiyo ni matunda ya Philip Diehl, mhandisi mzaliwa wa Ujerumani aliyefanya kazi katika kampuni ya vyerehani ya Singer nchini Marekani. Alichukua mota ya umeme aliyoibuni kwa ajili ya cherehani, akaitia mapanga na kuitundika darini, akapata hataza katika miaka ya 1880. Baadaye aliongeza taa. Tangu hapo matatizo ya upepo na matatizo ya mwanga yakawa chini ya dari moja.

Katika miaka hiyohiyo vitako vya glopu vilikuwa vikiachana njia. Thomas Edison wa Marekani alitumia kitako chenye hesi, yaani mikunjo kama ile izungukayo parafujo. Glopu huingizwa kwa kuzungushwa. Uingereza, alikofanya kazi Joseph Swan, kilienea kitako chenye pini mbili ubavuni. Glopu husukumwa ndani, huzungushwa kidogo, ikajifunga. Waingereza walikifananisha na namna askari afungavyo singe kwenye mtutu wa bunduki, wakakipa jina hilo.

Mgawanyiko huo ulifika kwetu pamoja na tawala. Wajerumani waliweka umeme Dar es Salaam mwaka 1908, kwa ajili ya karakana za reli na sehemu ya mji. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza Tanganyika ikawa chini ya Waingereza, na vifaa vya Kiingereza vikafuata. Ndiyo sababu holda za pini zilizoeleka katika nyumba za Tanganyika, Kenya, Uganda na Zanzibar. Siku hizi taa na mapangaboi huagizwa kutoka nchi nyingi, na nyumba moja yaweza kuwa na vitako vya namna mbili au tatu.

Hapa ndipo mwanaistilahi anapohitajika. Kwa glopu yenyewe hatuna uhaba: tunayo "balbu", "globu" na "glopu", na kila moja yaeleweka mahali pake. Palipo na pengo ni kwenye kitako. Mafundi husema "ya pini" na "ya skrubu", nao huelewana. Tukifuata Kiingereza kwa uaminifu tungesema "kitako cha singe". Lakini msomaji ambaye hajawahi kushika bunduki atasaidiwaje? "Kitako cha pini" chajieleza kwa macho. Kwa namna ya pili, "parafujo", neno tulilopewa na Wareno, ni jina la kifaa kizima, hali kitako hiki kimechukua mikunjo yake tu. Kwa hiyo twapendekeza "kitako cha hesi", na "skrubu" ibaki katika mazungumzo ya karakana.

Mfasiri asiache herufi na tarakimu zinazofuata. B22 ni kitako cha pini chenye kipenyo cha milimita 22. E27 ni cha hesi cha milimita 27, herufi E ikimkumbusha Edison. E14 ni kile chembamba kinachopatikana katika taa nyingi za mapambo. Marekani hutumia E26 na E12, tena kwa volti 120. Glopu ya E26 yaweza kuingia katika holda ya E27, lakini ikiwa imetengenezwa kwa volti 120 tu, itaungua mara ikutanapo na umeme wetu wa volti 230.

Kosa la hatari zaidi limo katika wati. Kibandiko cha kigeni kinachoweka kikomo hufasiriwa mara nyingine "wati 60", na msomaji akadhani hicho ndicho kipimo kinachotakiwa. Tafsiri sahihi ni "isizidi wati 60". Neno "isizidi" si pambo: glopu ya uzi yenye wati nyingi kupita kiasi huchoma holda na ganda la nyaya, na ndani ya kifuniko cha kioo joto halina pa kutokea. Tena, wati si kipimo cha mwanga. Glopu ya LED ya wati 9 hivi hutoa mwanga wa lumeni 800 hivi, karibu sawa na glopu ya uzi ya wati 60. Nayo, kwa kukosa uzi, huvumilia zaidi mtikisiko wa pangaboi.

Twawaomba walimu wa sayansi na wafasiri wa maelezo ya vifaa wayapime mapendekezo haya matatu: kitako cha pini, kitako cha hesi, na isizidi. Mnunuzi akiyajua, atakwenda dukani na jibu kamili: "Nataka glopu ya hesi, E27, volti 230, isiyozidi wati 60."