Njia Tulivu za Baiskeli Katika Milima ya Usambara Magharibi

Wananchi na wageni wanaotaka kuiona milima ya Usambara Magharibi kwa mwendo wa baiskeli hufika kwanza Mombo, mkoani Tanga, katika barabara kuu itokayo Segera kwenda Same. Reli kutoka Tanga ilifika hapo mwaka 1905, na tangu wakati huo Mombo imekuwa mlango wa milima. Kutoka Mombo, barabara ya lami hupanda kupitia Soni hadi Lushoto, umbali wa takriban kilomita 33, ikimtoa msafiri kwenye joto la mita 400 hivi juu ya usawa wa bahari na kumfikisha kwenye ubaridi wa mita 1,400 hivi.

Wengi hudhani kwamba barabara hiyo ndiyo safari yenyewe. Ni nzuri, lakini si tulivu: mabasi, malori ya mboga na mbao, na pikipiki huitumia kutwa nzima, nayo ni nyembamba, upande mmoja ukiwa mwamba na upande wa pili korongo. Utulivu huanza pale msafiri anapoiacha barabara hii, ama Soni, ama juu ya Lushoto, na kuingia katika barabara za vijiji ambako gari likipita watoto hulisikia kabla halijaonekana. Makala haya yanaeleza barabara hizo, vijiji vilivyoko kandokando yake, na hatari ambazo hazina budi kujulikana kabla ya kuondoka nyumbani.

Njia ya kwanza ni ile ya kutoka Soni kuingia eneo la Halmashauri ya Bumbuli. Hapa pana vilima vya migomba, kahawa na chai. Wakulima wadogo wa pande za Mponde wamelima chai kwa miaka mingi. Barabara hupanda na kushuka mfululizo, na mwendeshaji asipime safari yake kwa kilomita peke yake. Kilomita 20 za huku huweza kumchukua mtu mzima mwenye afya nusu siku.

Si mbali na Soni ipo Vugha, na kwa maoni ya mwandishi hakuna kijiji katika milima hii kinachostahili kutembelewa kuliko hiki, ingawa wageni wengi hukipita bila kujua. Vugha ilikuwa makao makuu ya ufalme wa Washambaa, ukoo wa Wakilindi, ambao kwa mapokeo ya wenyeji ulianzishwa na Mbegha, mwindaji aliyetoka Ungulu. Mtawala wa Vugha aliitwa Simba Mwene. Aliyevuma kuliko wote ni Kimweri ye Nyumbai, ambaye mamlaka yake yalitoka milimani na kuteremka hadi karibu na pwani ya Tanga. Mmisionari Johann Ludwig Krapf alifika kwake mwaka 1848, kisha akarudi mwaka 1852. Richard Burton na John Speke nao walipanda hadi Vugha mwaka 1857. Wote walikwea kwa miguu njia ambazo leo tairi la baiskeli hupita.

Kimweri alifariki mwaka 1862, na baada yake ufalme uliparaganyika. Mwanawe Semboja, aliyekaa Mazinde bondeni, kwenye njia ya misafara ya biashara, alipata bunduki na utajiri kuliko ndugu zake waliobaki juu, akaishambulia Vugha. Historia hii husomeka katika ardhi yenyewe. Msafiri asimamapo ukingoni mwa mlima, Mazinde huonekana chini kabisa kwenye tambarare, na kwa mtazamo huo mmoja huelewa kwa nini aliyeshika njia ya bondeni alimshinda aliyeshika kilele. Mahali pazuri pa kuliona jambo hili ni Irente, kilomita chache kutoka mjini Lushoto, ambapo mlima hukatika ghafla.

Anayefika Vugha akumbuke kwamba si makumbusho. Ni kijiji cha watu wanaoishi, chenye makaburi ya watawala na mahali pa mila ambapo haparuhusiwi kuingia wala kupigwa picha bila idhini. Utaratibu ni kuanza katika ofisi ya kijiji, kusalimia, kujitambulisha na kueleza haja yako; wazee hupenda kuulizwa. Shikamoo haina gharama, na asiyeitoa hatapewa simulizi.

Njia ya pili huanza Lushoto, mji ambao Wajerumani waliuita Wilhelmstal na kuutumia kama makao ya utawala wao milimani. Barabara hupanda hadi Magamba, penye hifadhi ya msitu wa asili, ambako hewa hubadilika na ukungu huweza kutanda hata saa nne asubuhi. Kutoka hapo njia huendelea kaskazini kupitia Lukozi, katikati ya mashamba ya viazi, kabeji na karoti, hadi Mtae. Msafiri apange siku nzima kwa safari hii, na alale huko. Mtae imejengwa juu ya mgongo wa mlima, na baadhi ya nyumba zake zina bonde mbele na bonde nyuma. Chini yake hutanda tambarare za Mkomazi, ambayo ni Hifadhi ya Taifa tangu mwaka 2008.

Upande wa mashariki wa njia hiyo iko Mlalo, ndani ya bonde lenye umbo la bakuli, penye baadhi ya nyumba za zamani za orofa zilizojengwa kwa udongo na mbao. Bonde hili lina kumbukumbu nyingine. Mwaka 1946 serikali ya kikoloni ya Waingereza ilianzisha hapa mpango wa kuhifadhi udongo, ukiwalazimisha wakulima kujenga matuta kwa jembe la mkono. Kazi hiyo iliwalemea zaidi wanawake, ikapunguza eneo la kulima, na upinzani wake ulikuwa sehemu ya vuguvugu la siasa katika Usambara miaka ya 1950. Mpango ulikufa kabla ya Uhuru. Kilichorudi baadaye, kuanzia miaka ya 1980, ni kingo za majani na miti zinazofuata mzunguko wa mlima, zilizopandwa kwa kushauriana na wakulima. Kwa sababu hiyo mwendesha baiskeli asikate njia ya mkato kupitia shamba, hata kama kijia kinaonekana. Alama moja ya tairi kwenye mteremko huwa mfereji masika yanapoingia, na mfereji huo hubeba udongo wa mtu.

Sasa kuhusu mteremko, jambo ambalo lisipozingatiwa hugharimu maisha. Kushuka kutoka Lushoto hadi Mombo huchukua chini ya saa mbili, na hakuhitaji nguvu. Hapo ndipo mtego ulipo. Mwendeshaji aliyechoka huiachia baiskeli, kisha hushika breki mfululizo kwa kilomita nyingi. Breki zinazobana rimu hupasha rimu joto, hewa iliyomo ndani ya tyubu hutanuka, na tairi huweza kupasuka kwenye kona. Njia iliyo salama ni kupunguza mwendo kabla ya kona, kuachia breki kwa muda zipoe, kutumia breki zote mbili kwa zamu, na kusimama kabisa kila baada ya kilomita chache. Aendeshaye akae kushoto, asiyapite magari kwenye kona, na asitegemee kwamba dereva wa lori anayepanda atakuwa amemwona. Mwendesha baiskeli naye ni mtumiaji wa barabara, na anapaswa kufuata sheria za usalama barabarani. Mizigo mikubwa ya mboga juu ya baiskeli za wakulima ni sababu nyingine ya kwenda taratibu: baiskeli iliyobeba magunia haiwezi kukwepa.

Kabla ya kuondoka, pedi za breki zikaguliwe, na zilizolika zibadilishwe Mombo au Lushoto kwa fundi. Vijiji vya juu havina vipuri vya kila aina, na baiskeli za gia nyingi huwashinda mafundi wengi. Beba tyubu ya akiba, viraka, pampu, taa ya mbele na ya nyuma, kofia ngumu na sweta.

Miezi mizuri ni Juni hadi Septemba, kisha Januari na Februari. Masika, Machi hadi Mei, barabara za udongo huwa utelezi, na hata ile ya lami kati ya Mombo na Soni huweza kuzibwa na mawe na udongo unaoporomoka. Katika kipindi hicho, hali ya barabara za vijijini iulizwe kwanza katika ofisi za halmashauri au za Wakala wa Barabara za Vijijini na Mijini, TARURA.

Anayetaka kuingia ndani ya msitu wa Magamba anapaswa kupata kibali na kulipa ada kwa Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania, TFS. Kupita katika barabara ya umma hakuhitaji kibali. Wanaosafiri peke yao wamwachie mwenyeji wa nyumba ya wageni jina la kijiji waendako na saa wanayotarajia kufika, kwa kuwa mtandao wa simu hukatika katika mabonde. Dharura za polisi ni namba 112.