Oili ya gia otomatiki: Mwongozo kwa SUV zilizotembea sana Bujumbura

BUJUMBURA – Barabara zinazopanda Kiriri, mtaa wa vilima unaotazama Ziwa Tanganyika, ni mtihani mgumu kwa gari lenye gia otomatiki. Gari huondoka katikati ya mji, karibu na usawa wa ziwa wa takriban mita 775, na kuanza kupanda mlima mkali oili ikiwa bado haijapata joto lake la kazi. Aidha, tangu Gitega ilipotangazwa kuwa mji mkuu wa kisiasa mwishoni mwa mwaka 2018, safari za kikazi za kwenda huko hulazimisha magari hayo kupanda RN1 hadi Bugarama, zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, kisha kurudi kwa kushuka mteremko ule ule.

Magari yenyewe ni yale yanayojulikana kwa kila msafirishaji wa njia ya Dar es Salaam: RAV4, Land Cruiser Prado, Pajero na X-Trail, mengi yakiwa yamenunuliwa yakiwa yametumika Japani au Dubai. Kwa gari lenye kilomita 200,000 na zaidi, lita chache za oili isiyo sahihi zinaweza kuua giaboksi ambayo mbadala wake lazima uagizwe nje kwa dola, katika nchi ambayo fedha za kigeni zimekuwa adimu kwa miaka kadhaa. Kwa mfanyabiashara wa vipuri, hasara ni ile ile kwa sura nyingine: katoni za oili ambazo hazimfai mteja yeyote, au mteja anayerudi na lawama.

Kosa la kwanza ni kuchagua kwa rangi. Oili nyingi za gia otomatiki ni nyekundu, na wekundu huo hauelezi chochote zaidi ya kuzitofautisha na oili ya injini. Kinachotazamwa ni daraja lililowekwa na mtengenezaji wa gari. Toyota nyingi za mwisho wa miaka ya 1990 hadi katikati ya miaka ya 2000, pamoja na RAV4 za kizazi cha pili, hutumia Type T-IV. Kuanzia mwaka 2004 hivi Toyota ilianza kuhamia WS, ambayo ni nyepesi zaidi, na kampuni hiyo imesema wazi kwamba hizi mbili hazibadilishani nafasi. Prado 120 yenye injini ya V6 ya lita 4.0 na gia tano inataka WS. Prado ya umbo hilo hilo yenye injini nyingine na gia nne inaweza kutaka T-IV. Kwa hiyo anayeagiza "oili ya Prado" bado hajaagiza kitu.

Mitsubishi ina SP-II na SP-III. Kwa Nissan X-Trail tahadhari ni kubwa zaidi. Zile za kwanza, T30, zina gia otomatiki za kawaida, lakini T31 zilizoanza mwaka 2007 zilitoka kwa wingi na mfumo wa CVT unaotumia NS-2. Oili ya kawaida ya gia otomatiki ikiingia humo, mkanda wa chuma huteleza na kuharibika, na hakuna marekebisho ya bei nafuu.

Lipo pia jina la Dexron III, ambalo bado linauzwa sana sokoni. General Motors iliacha kutoa leseni za jina hilo mwishoni mwa mwaka 2006, nafasi yake ikachukuliwa na Dexron VI. Kopo la leo lenye maneno Dexron III linabeba ahadi ya aliyelijaza tu. Huenda oili hiyo ikawa nzuri, lakini hakuna anayeikagua kwa niaba ya mnunuzi.

Njia ya uhakika ni kusoma gari lenyewe. Toyota zenye kijiti cha kupimia oili ya gia huwa na jina la oili limechongwa juu yake. Zile za WS mara nyingi hazina kijiti, na jina huandikwa kwenye plagi ya kujazia au karibu nayo. Halafu lipo bamba la chuma kwenye fremu ya mlango au chini ya boneti, lenye namba ya fremu na, kwa Toyota, alama za giaboksi kama A750F. Alama hizo ndizo ziandikwe kwenye oda. Ikumbukwe kuwa magari yaliyouzwa kwanza ndani ya Japani hayana namba ya tarakimu 17 kama yale ya Dubai au Ulaya, hivyo muuzaji wa Sharjah anayeng'ang'ania namba hiyo apewe namba fupi ya fremu pamoja na alama za giaboksi.

Suala linalobishaniwa zaidi katika gereji za Buyenzi, mtaa wa Waswahili ambako magari mengi ya mji huu hutengenezwa, ni kama gari ambalo halijawahi kubadilishwa oili ya gia liguswe au liachwe. Hofu hiyo ina msingi. Oili iliyochoka hubeba unga wa klachi, na mabadiliko ya ghafla yanaweza kufichua klachi zilizokwisha. Lakini oili mpya haimalizi klachi. Klachi hizo zilikuwa zimekwisha tayari. Oili ikiwa nyeusi na inanuka kuungua, na gia zinateleza, mwenye gari aambiwe mapema kuwa oili peke yake haitamponya. Ikiwa imebadilika rangi tu na gia zinaingia vizuri, ibadilishwe kidogo kidogo bila mashine ya kusukuma kwa presha.

Kufungua plagi ya chini hutoa sehemu tu ya oili, kwa kuwa nyingine hubaki ndani ya toki konveta. RAV4 nyingi hutoa lita tatu hadi nne, wakati mfumo mzima hubeba karibu mara mbili ya hizo. Prado ya gia tano hubeba zaidi ya lita 10. Kinachotoka kipimwe na kiasi kile kile kirudishwe, gari litumike kwa wiki moja au mbili, kisha kazi irudiwe mara mbili. Lita 12 kwa RAV4 moja si upotevu. Madai ya "oili ya maisha" yasichukuliwe kama yalivyo kwenye milima hii: kwa kazi nzito, ratiba ya kila kilomita 80,000 hadi 100,000 ni ya busara.

Sampo ifunguliwe mara ya kwanza. Vipuri viwe mezani kabla ya kuifungua: gasketi, filta na ringi ya plagi. Sumaku zilizomo zikiwa na tope laini la kijivu, hiyo ni kawaida. Vipande vya chuma ni habari mbaya. Rejeta nayo itazamwe, kwa sababu katika magari mengi kipoza oili ya gia kimo ndani yake. Kikitoboka, maji huingia kwenye giaboksi na oili hugeuka kama maziwa ya waridi. Rejeta mpya ni nafuu mno ikilinganishwa na giaboksi.

Kuhusu chanzo cha mzigo, oili inayochanganywa Kenya au Tanzania na kutimiza masharti ya uasilia huingia Burundi bila ushuru wa forodha wa Jumuiya ikiwa na cheti cha uasilia, ilhali ile ya Dubai hulipiwa ushuru wa pamoja. Cheti kisichokuwepo Kobero hufuta faida yote ya bei. Makopo yakaguliwe lakiri, namba ya toleo na tahajia ya lebo kabla ya kupakiwa, kwani ukishavuka Kabanga kurudisha mzigo ni gharama nyingine.

Giaboksi iliyotumika inunuliwe ikiwa na alama zile zile na plagi za umeme zinazolingana. Burundi huendesha kulia, lakini magari mengi yana usukani wa kulia, hivyo baadhi ya nyaya za gia na mabomba hutofautiana na yale ya gari la Ulaya. Na kabla ya kuagiza, RAV4 za mwaka 2001 hadi 2003 zinazopiga teke zinapobadili gia zipimwe kwanza kompyuta ya injini. Nchini Marekani, Toyota ilirefusha dhamana ya kompyuta hiyo kwa magari ya miaka hiyo kwa sababu ya tatizo hilo hilo, na giaboksi iliyobadilishwa huku kompyuta mbovu imebaki hupiga teke vile vile.