Jirani: Kuarifiwa na Kuombwa Idhini

Mtu hujenga katika kiwanja chake mwenyewe, lakini moshi, kelele na kivuli cha jengo lake havijui mpaka. Kwa sababu hiyo jirani naye ana haki katika jambo hilo. Swali lililowashughulisha wanasheria wa Marekani kwa miaka mingi ni hili: je, haki yake ni ya kuarifiwa tu, au ni ya kuombwa idhini? Maneno haya mawili hukaribiana katika mazungumzo. Katika historia yametengana mbali.

Hapo kwanza idhini ndiyo iliyotiliwa nguvu. Baraza la mji wa San Francisco lilitunga amri kwamba asipewe ruhusa ya kufungua nyumba ya dobi ila mtu aliyependekezwa na raia 12 walipa kodi wa mtaa ule ule. Madobi wengi walikuwa Wachina, na chuki juu yao ilikuwa kali. Mwaka 1882, katika shauri la Quong Woo, mahakama iliibatilisha amri hiyo, kwani riziki halali ya mtu haiwezi kutegemea mapenzi ya watu 12.

Walakini fikira yenyewe haikufa. Mji wa Seattle uliruhusu makao ya wazee katika mtaa wa nyumba za kukaa kwa sharti moja: wenye thuluthi mbili za milki iliyo ndani ya futi 400 watoe idhini kwa maandishi. Mdhamini wa makao ya wazee maskini alitaka kujenga nyumba kubwa zaidi mahali pa ile ya zamani, akanyimwa kibali kwa kukosa idhini hiyo. Shauri lilifika Mahakama ya Juu, nayo mwaka 1928 ikampa haki mdhamini. Majirani, ilisema, hawakufungwa na kanuni yoyote. Waliweza kukataa kwa choyo au kwa ukaidi mtupu, na hapakuwa na mtu wa kuwauliza sababu. Mwenye nyumba alikuwa amelazimishwa kupiga hodi kwa wengine ili aingie kwake.

Njia ya kati ilikwisha kuonekana katika sheria ya mfano ya kugawa mitaa kwa matumizi, iliyotolewa upya na Wizara ya Biashara mwaka 1926. Kanuni za mitaa zisitungwe wala kubadilishwa kabla ya baraza la hadhara, na tangazo la baraza hilo litolewe gazetini siku 15 mbele. Wenye asilimia 20 ya viwanja vilivyohusika au vilivyopakana wakipinga badiliko, halikupita ila kwa kura za robo tatu ya wajumbe wote. Hivyo jirani aliweza kuifanya hukumu iwe nzito, lakini hakuwa hakimu.

Baadaye miji mingi iliongeza desturi ya kumpelekea kila mwenye kiwanja cha karibu barua ya kumwarifu. Desturi hiyo ni njema, ila ina upungufu wake. Barua aghalabu huandikwa kwa jina la mwenye milki. Mpangaji, ambaye ndiye atakayeuvuta ule moshi na kukaa katika kile kivuli, mara nyingi hakumbukwi. Sheria ilichukua miaka mingi kutambua kwamba jirani si mtawala. Yapasa sasa itambue pia kwamba jirani si hati ya kiwanja.