Tshibumba, mwanahistoria wa mifuko ya unga

Ndugu zangu wa promosheni zote, tukiongea juu ya wachoraji wa bande desine wa Kongo, majina yanayokuja haraka ni Barly Baruti na Papa Mfumu'eto. Sawa, heshima yao wapewe. Lakini hapa kwetu Katanga kulikuwa mtu aliyehadithia historia ya nchi nzima picha kwa picha, maneno yameandikwa humo humo. Mimi nilimaliza masomo ya historia bila kusikia jina lake.

Tshibumba Kanda Matulu alizaliwa Élisabethville mwaka 1947. Kuchora alijifunza mwenyewe. Alipaka rangi juu ya kitambaa cha mifuko ya unga, akauzia watu wa miji ya shaba. Iliyotoka sana ni ile ya "Colonie belge": mfungwa amelazwa chini, anachapwa fimbo, mzungu anasimamia. Watu waliitundika saloni, na mgeni akiingia, wazee wanaanza kusimulia.

Mwishoni mwa 1973 alikutana Lubumbashi na profesa mmoja, Johannes Fabian. Tshibumba akamwambia yeye ni mwanahistoria. Katika miezi iliyofuata akachora picha zaidi ya 100: wafalme wa zamani, Stanley, Tippu Tip, wafanyakazi waliogoma wakapigwa risasi Lubumbashi Desemba 1941, uhuru, Mobutu. Akileta picha anaieleza, kwa Kiswahili chetu hiki hiki tunachochekewa tukifika Dar es Salaam, na kaseti inazunguka.

Kuna moja siwezi kuisahau. Lumumba amelala amekufa, pamoja na Mpolo na Okito. Nyuma yao misalaba mitatu, kama Golgota. Damu inatoka ubavuni mwa Lumumba, na pale inapomwagika chini inaandika neno: umoja. Mtu alichora vile Katanga, nchi ile ile alimouawa Lumumba, tena wakati wa chama kimoja, wakati mdomo ulikuwa hatari.

Tarehe anachanganya mara nyingine, tusifiche. Lakini vitabu tulivyosomea vilikuwa na tarehe safi, na wafanyakazi wa 1941 walipewa mistari miwili tu. Mimi najua nani alinifundisha zaidi.

Mwanzoni mwa miaka ya 1980 habari zake zilipotea. Safu nzima ya picha iko Amsterdam, kwenye jumba la makumbusho lililoitwa Tropenmuseum hadi 2023. Kitabu cha Fabian kilitoka 1996, kwa Kiingereza. Ila mazungumzo yenyewe, kwa Kiswahili, yako kwenye intaneti: anayeandika memwari asiseme hana pa kuanzia.

Na nyinyi mulio Kolwezi, Likasi, Kipushi: ukifika kwa nyanya na kuona picha ya zamani ukutani, imeliwa na moshi, futa vumbi polepole. Angalia kama imeandikwa Tshibumba K.M. Ukiiona, usiiuze. Piga foto, utuletee hapa.